Mboga ya Mkate ni Mkate

Mpenzi msomaji, je, umewahi kualikwa chakula, ukanawa mikono, ukaketi mkekani, kisha mwenyeji wako akakuletea ugali, na mboga ya kulia ugali huo ikawa ni ugali mwingine? Bila shaka utasema kwamba amekudhihaki. Lakini chakula cha namna hiyo kimeandikwa kitabuni, tena katika kitabu cha mapishi kilichosifiwa sana huko Uingereza.

Kitabu hicho alikitoa Bibi Isabella Beeton, huko London, mwaka 1861, nacho kina kurasa zaidi ya 1,000. Penye habari za chakula cha wagonjwa afundisha hivi: twaa kipande chembamba cha mkate, kichome motoni, kiache kipoe, kisha ukiweke katikati ya vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi, tia chumvi na pilipili kidogo. Basi, kazi imekwisha! Mboga ya mkate ni mkate. Mwaka 2011 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilikitangaza hicho kuwa chakula cha mchana cha bei ndogo kuliko vyote, na sidhani kama yuko wa kubishana nao.

Bibi huyo aagiza pia kwamba karoti kubwa zichemshwe muda wa saa moja na dakika 45, hata kufika saa mbili na robo. Mama wa hapa kwetu Sekenke, ambaye kila mzigo wa kuni huupandisha mlima kichwani, akisikia hayo atauliza kama zinazopikwa ni karoti au ni kwato za ng'ombe.

Vitabu vya kufuma navyo havikubaki nyuma. Ukifungua kimoja cha zamani utakuta mistari ya herufi na tarakimu tupu, kana kwamba ni hesabu za mwanafunzi aliyelala darasani. Tena katika miaka ya 1930 magazeti ya akina mama huko Ulaya yalifundisha kufuma nguo za kuogelea baharini kwa nyuzi za sufu. Wewe wajua sufu ifanyavyo ikinywa maji: huwa nzito, huvutika, hushuka. Mtu aliingia baharini amevaa nguo iliyomkaa vizuri, akatoka ameishika kwa mikono miwili!

Sasa tumecheka. Yafaa tujiulize: Je, watu hao walikuwa wajinga? La, hasha. Bibi Beeton alikuwa na umri wa miaka 25 tu kitabu chake kilipotoka. Kwa kila pishi alitaja vitu vinavyotakiwa, muda wa kupika, na hata gharama yake, ili mama mwenye nyumba asibahatishe. Mwaka 1865, akiwa na miaka 28, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Huyo si mtu wa kudharauliwa. Kinachotuchekesha ni kwamba aliandika akiliona jiko lake na jiko la jirani zake. La kwetu hakuliona.

Na hapa Afrika ya Mashariki mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1928 akina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kikasomwa na bibi mwenye nyumba. Lakini aliyesimama motoni, macho yakitoka machozi kwa moshi, mara nyingi alikuwa mpishi Mwafrika ambaye hakukijua Kiingereza hicho. Basi kitabu kilisema na mtu mmoja, na kazi ikafanywa na mwingine. Keki ikiungua, nadhani unajua ni nani aliyekaripiwa.

Lakini nisiwacheke wengine peke yao. Mimi ni karani wa parokia, nami nimesomea ualimu. Siku moja wakati wa masika, watoto wengi walipokuwa wakiharisha, niliandika tangazo kwenye ubao wa kanisa: "Maji safi lita moja, sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko." Nikaona nimeandika vizuri sana, kwa mwandiko wa darasani.

Baada ya Misa akanijia mama mmoja mzee, ambaye mjukuu wake alimsomea tangazo lile. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu karani, kijiko kipi? Cha chai, au kile kikubwa cha kulia wali?" Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Chumvi ikizidi katika maji hayo yaweza kumdhuru sana mtoto, hata kumwua. Nikakimbilia ubao, nikafuta, nikaandika upya: kijiko kidogo cha chai, kilichosawazishwa juu, kisichojaa kilima. Maneno machache tu, lakini ndiyo niliyokuwa nimeyasahau, kwa sababu kijiko nilichokiona mawazoni kilikuwa cha nyumbani kwangu.

Basi, ndugu msomaji, sikiliza. Mtoto akiharisha, mpeleke zahanati upesi. Huko wanazo pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti ikikosekana, ndipo utumie kipimo kile nilichokisahihisha, na usikibahatishe.

Na ninyi akina mama mnaojua kupika mlenda na uji wa uwele, waandikisheni watoto wenu mapishi hayo. Lakini msiwaambie, "Tia chumvi kiasi, pika mpaka kiive." Kiasi cha nani? Wajukuu watakaosoma hayo watatucheka kama sisi tulivyomcheka Bibi Beeton. Twaeni kikombe, pimeni, kisha mpeni jirani apike kwa kufuata maandishi tu, nanyi mkae kimya mkimtazama. Akikwama mahali, hapo ndipo mlipoacha neno.

Yule mama mzee hajui kusoma, lakini tangu siku ile kila tangazo langu la dawa au la chakula humsomea yeye kwanza, kabla sijalibandika.