Baada ya talaka, afya yako ndiyo mtaji wa kwanza

TALAKA ni pigo. Hata kama ni wewe uliyeiomba, siku ya kwanza ukiamka peke yako na watoto utahisi mwili umelegea na kichwa kimejaa maswali. Kodi ya nyumba nitailipa na nini? Karo je? Majirani watasema nini?

Kina mama wengi hukimbilia swali la pesa mara moja. Huuza vyombo, hukopa na kufungua saluni au kibanda kabla ya mwezi kwisha. Haupiti muda biashara imekufa, na deni limebaki. Si kwamba hawana akili ya biashara. Mtu asiyelala usiku hawezi kupiga hesabu sawasawa mchana.

Kwa hivyo, dada msomaji, anza na wewe mwenyewe.

Uangalie mwili

Kulia na kukosa usingizi siku za kwanza ni jambo la kawaida. Lakini ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, hufurahii lolote, huli vizuri, unajilaumu na kazi ndogo za nyumbani zinakushinda, huenda huo ni ugonjwa, na una matibabu. Nenda hospitalini umweleze daktari bila aibu. Ukianza kuwazia kujiua, usingoje kesho. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usijitulize kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi ambavyo hukuandikiwa na daktari. Lala na uamke saa zile zile kila siku, kula hata kama hamu ni ndogo, na utembee kidogo kila jioni.

Watoto nao huumia. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani huenda akaanza tena, na mwingine akawa mkali shuleni. Usimchape. Mwambie kwa maneno machache kwamba si yeye aliyesababisha mtengane, na usimtume kupeleka ujumbe wa ugomvi kwa babake.

Jambo moja ambalo wengi husahau ni bima. Ikiwa uliandikishwa kupitia kwa mume wako, hakikisha una usajili wako mwenyewe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na watoto unaowalea wawe chini yako. Kiwango cha chini cha mchango ni Sh300 kwa mwezi. Usingoje mtoto augue ndipo ukumbuke.

Jua haki yako

Huenda uliambiwa kwamba miaka yote ile ulikuwa "umekaa tu nyumbani". Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kupika, kutunza nyumba, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo, usidhani utapewa nusu kwa nusu bila kuulizwa. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila mmoja hupata kulingana na mchango aliouthibitisha. Weka basi risiti, stakabadhi za benki na ujumbe wa simu wa pesa ulizotuma.

Kuhusu watoto, Katiba ya 2010 inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Ukinyimwa matunzo, mwone afisa wa watoto au uende Mahakama ya Watoto. Kama huna pesa za wakili, shirika la mawakili wanawake la FIDA Kenya limekuwa likisaidia kina mama tangu 1985.

Hesabu ujuzi ulio nao

Ukishapata usingizi, chukua kalamu. Andika kila kazi unayoijua: kupika chakula cha watu wengi, kushona, kusuka nywele, kutunza mgonjwa, kuweka hesabu za chama. Huo ni ujuzi, ingawa hauna cheti.

Cheti nacho chaweza kupatikana. Mamlaka ya NITA husimamia mitihani ya ufundi ambayo hata aliyejifunzia kazini, bila kupitia chuoni, anaweza kuifanya. Huanza na gredi ya 3 na kupanda hadi gredi ya 1. Fundi wa nguo au msusi mwenye cheti hicho ana jambo la kumwonyesha mwajiri.

Anza kidogo. Kama ni chapati, pika za kilo moja ya unga uwauzie majirani, uandike gharama na faida kwa mwezi mzima kabla ya kukopa. Mtaji ukihitajika, Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa 2007 hukopesha vikundi. Pesa ulizopata kwa kugawana mali usizitie zote katika biashara. Tenga kwanza kodi na chakula cha miezi mitatu.

Mwisho, usijifungie. Rudi chamani, kanisani au msikitini, na ukubali dada yako akishika watoto jioni moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini mkono mmoja nao haulei mwana.