Mti Usioonekana Ukutani

Huko Marekani na Kanada wako watu wanaojijengea nyumba za mbao kwa mikono yao wenyewe. Kwanza husimamisha nguzo nyembamba, na tangu katikati ya nguzo moja hata katikati ya pili huwa inchi 16, ndiyo sentimeta 40 na kidogo. Kisha hukaza juu yake mabamba ya jasi, yenye upana wa futi 4. Hesabu hiyo twaipenda: inchi 16 mara tatu ni futi 4 kamili, basi ukingo wa kila bamba huangukia katikati ya nguzo.

Lakini pembeni hesabu hukoma. Ukuta ukienda sambamba na boriti za dari, ukingo wa bamba la dari hukosa mti wa kuushika. Kwa hiyo fundi mwangalifu hulaza ubao mpana juu ya kichwa cha ukuta, utokeze pande zote mbili.

Na bafuni je? Hapo ndipo twasihi zaidi. Bamba ni unga wa jasi uliogandishwa kati ya karatasi mbili. Halibebi uzito wa mtu. Mzee akiteleza, akashika kishikio kilichofungwa katika jasi tupu, skurubu hung'oka naye akaanguka. Yapasa kipande kinene cha mti kipigiliwe baina ya nguzo kabla ukuta haujafunikwa, na kimo chake kipimwe kutoka sakafuni, kiandikwe daftarini.