Kusoma na Kuandika Katika Madarasa ya Kuresoi

Kufundisha kusoma katika Gredi ya Kwanza huanza na swali moja: watoto walio darasani wanazungumza lugha gani nyumbani? Sera ya Kenya imelijibu kwa muda mrefu. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza watoto wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa na wengi katika eneo la shule, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019 umefuata mkondo uo huo. Penye mchanganyiko wa lugha, Kiswahili ndicho hutumika.

Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, ni mahali pa mchanganyiko huo. Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na Waogiek wanaishi humu, kuanzia Keringet hadi Olenguruone na pembezoni mwa msitu wa Mau. Zipo shule ambazo karibu kila mtoto anazungumza Kikipsigis, na zipo nyingine ambapo dawati moja lina lugha tatu. Ghasia za 1992, 1997 na zile za baada ya uchaguzi wa 2007 zilihamisha familia nyingi, na watoto wakakatizwa masomo katika umri uleule wa kujifunza herufi.

Kiswahili kina faida kubwa kwa anayeanza kusoma, nayo ni tahajia yake. Irabu ni tano, kila moja ina sauti moja, na neno husomwa jinsi lilivyoandikwa. Ndiyo maana mwalimu hufundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake, kisha huunganisha konsonanti na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Silabi mbili zikishikana, mtoto tayari anasoma mama na mume moja kwa moja bila kukariri. Baadaye huja silabi mwambatano kama mbwa na ndwe, ambazo huwachelewesha wengi, na alama ya ritifaa inayotenganisha ng'ombe na ngoma. Sauti yenyewe ya ng' haiwapi shida watoto wa hapa, kwa kuwa lugha zao za nyumbani zinayo. Kinachosahaulika ni kile kialama.

Ugumu hasa uko masikioni. Kikipsigis hakitofautishi maneno kwa p na b, wala t na d, wala k na g. Mtoto anayeandika "pata" alipotajiwa bata si mzembe. Sikio lake halijazoea kuzitenga sauti hizo mbili. Sauti za z, f na v pia ni ngeni kwake, hivyo zawadi hugeuka "sawadi". Wa Kikuyu na wa Kikisii wanatatizwa na l na r, jambo ambalo halimsumbui Mkipsigis hata kidogo. Tena anayeijua tahajia ya Kikuyu huweza kuandika "thambi" akimaanisha dhambi, maana katika Kikuyu herufi th husimamia sauti ya dh. Mwalimu anayeyajua haya hasahihishi darasa zima kwa kalamu moja nyekundu. Huwaambia watoto waweke vidole kooni watamke s, kisha z, wahisi mtetemo unavyokuja. Halafu hutaja maneno, nao huinua mkono kila wasikiapo z. Dakika chache za mchezo huu kila siku zina thamani zaidi kuliko ukurasa mzima wa kunakili.

Mpangilio wa vipindi vya namna hii ulienea kupitia mradi wa Tusome, ulioanza kote nchini 2015 baada ya PRIMR, mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati. Mwalimu huonyesha, kisha hufanya pamoja na darasa, kisha mtoto hufanya peke yake. Kila mtoto alilengwa kupata kitabu chake, na maafisa wa mtaala walitembelea madarasa wakiwa na tableti ili kusikiliza watoto wakisoma. Haja ilikuwa imeonekana: tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza 2009, zilikuwa zimeonyesha kwamba wengi wa Darasa la 3 hawakumudu hadithi ya kiwango cha Darasa la 2.

Kasi ilipimwa pia. Katika Darasa la 2, msomaji fasaha wa Kiswahili alitarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika, na wa Kiingereza 65, kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu. Kasi ni muhimu, kwani anayedonoa silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Lakini wepesi wa tahajia una hatari yake. Mtoto anayesikia Kiswahili sokoni tu anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukosea huku haelewi chochote, na mwalimu akadhani kazi imekwisha. Dawa ni mazungumzo: picha ijadiliwe kabla ya kusoma, maneno mapya yaelezwe hata kwa lugha ya nyumbani, na baada ya hadithi mtoto aisimulie.

Kuandika hubaki nyuma ya kusoma karibu kila mahali, na baridi ya nyanda hizi hufanya vidole vidogo vigumu asubuhi. Watoto huanza kwa kuchora herufi hewani na juu ya dawati kwa kidole, ndipo penseli ishikwe. Imla fupi husaidia. Kunakili kutoka ubaoni, kunakochukua muda mwingi mno katika madarasa mengi, hufunza mwandiko tu. Mtoto aliyeandika mwenyewe "mama anapanta fiasi" ameandika sentensi halisi, na makosa yake yanamwonyesha mwalimu wapi pa kuanzia kesho.

Mzazi ambaye hakusoma ana nafasi yake. Amwombe mtoto amsomee jioni, kisha amwambie aeleze kwa Kikipsigis, Kikuyu au Kikisii alichosoma. Akishindwa kueleza, mwalimu aarifiwe mapema, kabla mtoto hajafika Gredi ya Nne, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza.