Kwa Nini Kizibo cha Karibu na Ufizi Hutoka

Mgonjwa wa Nakapanya aliyezibwa jino karibu na ufizi akirudi kizibo kikiwa kimetoka, lawama humwangukia aliyeziba, pengine bila haki. Pale shingoni enameli ni nyembamba mno. Mtu asagapo meno usingizini, jino hupinda kidogo sana, na mkazo hukusanyika hapo, ukilegeza kingo za kizibo. Ukubwa wa athari hiyo wataalamu wangali wanaujadili. Kuhusu tindikali hakuna ubishi. Ndimu, ukwaju, embe mbichi na soda hulainisha enameli pH ishukapo chini ya 5.5, na hula hata saruji ya glasi-ionoma. Kabla ya kuziba tena, mhudumu aulizie mambo yote mawili. Mgonjwa naye, alapo kichachu, asukutue kwa maji, mswaki usubiri nusu saa.