Mchanganyiko wa Mbegu na Sera ya Elimu: Mfano wa Mombasa Bara

Utangulizi

Mombasa hutajwa zaidi kwa bandari, Mji wa Kale na utalii. Ni nadra kutajwa kwa kilimo. Hata hivyo, kisiwa ni sehemu ndogo tu ya kaunti. Ng'ambo yake ziko Likoni upande wa kusini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi, na Kisauni upande wa kaskazini. Katika sehemu hizi, hasa pembezoni kama Mwakirunge, Mtongwe na Shika Adabu, zingalipo familia zinazopanda muhogo, mahindi na kunde chini ya minazi na miembe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ambayo nchi kavu yake ni takriban kilomita za mraba 220. Mashamba hayo basi ni madogo, na kila mwaka nyumba, barabara na maghala huyapunguza zaidi.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo watafiti wa kilimo wamelichunguza kwa muda mrefu, nalo ni desturi ya kupanda aina zaidi ya moja za zao lilelile katika shamba moja. Kisha yanaonyesha jinsi sera ya elimu nchini Kenya inavyolihusu jambo hilo. Hoja kuu ni kwamba somo la Kilimo huanza shuleni katika gredi ileile ambayo Kiswahili huacha kuwa lugha ya kufundishia. Kwa sababu hiyo, elimu ya mbegu aliyo nayo mkulima na elimu ya mbegu aliyo nayo mtafiti hazipati mahali pa kukutana.

Ufafanuzi wa istilahi

Istilahi "kilimo mseto" na "kilimo mchanganyiko" hutumiwa kwa maana zaidi ya moja. Wapo wanaozitumia kwa kupanda mazao tofauti pamoja, kama vile mahindi na kunde. Wengine kwa kupanda mazao pamoja na miti. Na wengine kwa kulima na kufuga. Mchanganyiko unaozungumziwa hapa ni tofauti na yote hayo. Zao ni moja, lakini ndani ya zao hilo mna aina mbili, tatu au zaidi.

Neno "aina" lenyewe ni pana mno. Muhogo ni aina ya zao, na kibandameno ni aina ya muhogo. Mkulima wa Pwani huepuka utata huo kwa kutumia neno "mbegu". Husema "mbegu ya kibandameno" ijapokuwa muhogo hupandwa kwa pingili za shina, wala si kwa punje. Katika matumizi haya, "mbegu" haina maana ya punje bali ya nasaba, kama inavyotumiwa pia kwa mifugo inaposemwa kwamba ng'ombe fulani ni wa mbegu nzuri. Ni dhahiri basi kwamba lugha ya shambani imekwisha kutenganisha zao na mbegu, kazi ambayo istilahi za vitabuni hazijaifanya kwa ukamilifu.

Utafiti unasema nini

Shamba la mbegu moja lina faida zake. Mimea hukomaa pamoja, huvunwa pamoja, na soko hupata bidhaa inayofanana. Hatari yake ni kwamba ugonjwa unaoweza kuushinda mmea mmoja unaweza kuishinda mimea yote. Mbegu zinapochanganywa, mmea dhaifu huzungukwa na mimea yenye kinga. Vijidudu vya ugonjwa vinavyopeperushwa kutoka kwenye mmea dhaifu huangukia mimea isiyoambukizika, na mwendo wa ugonjwa hupungua.

Mfano unaotajwa sana ni wa mkoa wa Yunnan nchini China. Zhu na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walieleza jinsi wakulima walivyopanda mistari ya mpunga wa kunata, unaoshambuliwa kwa urahisi na ukungu wa majani, kati ya mistari ya mpunga chotara wenye kinga. Mwaka 1999 jaribio hilo lilienea katika hekta 3,342. Mpunga wa kunata uliochanganywa ulitoa mavuno yaliyozidi kwa asilimia 89 yale ya mpunga huohuo uliopandwa peke yake, na ukali wa ugonjwa ulipungua kwa asilimia 94.

Katika Afrika Mashariki, ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Uganda. Mulumba na wenzake (2012) walichunguza maharagwe na ndizi katika mashamba ya wakulima wadogo, wakaona kwamba penye mbegu nyingi zaidi, madhara ya wadudu na magonjwa kwa wastani yalikuwa madogo zaidi, na tofauti ya madhara kati ya shamba na shamba pia ilipungua. Jambo la pili lina uzito wake. Mkulima asiye na akiba hahofii tu kupata mavuno kidogo. Huhofia zaidi msimu mmoja wa kukosa kabisa. Wakulima wa maharagwe wa Rwanda na Kivu, ambao kwa vizazi wamekuwa wakipanda mchanganyiko wa maharagwe ya rangi na maumbo mbalimbali, walilijua hilo kabla ya kupimwa kwa takwimu.

Muhogo wa Pwani

Zao linalofaa zaidi kuchunguzwa katika Mombasa bara ni muhogo. Kibandameno hupendwa kwa utamu wake, lakini hushambuliwa vibaya na magonjwa mawili: batobato, inayokunja na kutia mabaka majani, na michirizi ya kahawia, inayoozesha kiazi kwa ndani. Ugonjwa huu wa pili ni wa hila, kwani mti unaweza kuonekana mzima hadi kiazi kinapokatwa. H. H. Storey aliueleza ugonjwa huo kitaalamu mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika.

Katika kituo hichohicho, watafiti waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake wa mwituni utoao mpira, Manihot glaziovii, ili kupata kinga. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni mbegu iliyopewa nambari 46106/27. Mbegu hiyo ilifika katika mashamba ya Pwani ya Kenya, wakulima wakaiita kaleso, na baada ya miongo kadhaa ikawa inahesabiwa kuwa mbegu ya kienyeji. Kusini mwa Tanzania kuna mbegu inayoitwa namikonga, ambayo nayo husifiwa kwa kustahimili michirizi ya kahawia. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba kaleso na namikonga ni mbegu moja.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mpaka unaowekwa kati ya "mbegu za kienyeji" na "mbegu za utafiti" si imara kama unavyodhaniwa, kwa kuwa kaleso ni vyote viwili. La pili linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Kuchanganya majina si kuchanganya mbegu. Mkulima anayepata pingili za kaleso kwa jirani na za namikonga kutoka kwa jamaa yake wa Tanzania anaweza kuamini kuwa ana mbegu mbili, kumbe anayo moja. Aidha, jina moja linaweza kuficha mbegu kadhaa zinazofanana kwa sura tu. Bila rejista ya majina iliyofanyiwa kazi kwa makini, hata utafiti bora wa maabara haumfikii mkulima kwa namna anayoweza kuitumia.

Watafiti wa kituo cha Mtwapa, kilicho ng'ambo ya mkono wa bahari unaopakana na Kisauni, wanaelekea kulitambua jambo hili. Mbegu za muhogo walizozitoa katika miaka ya 2000 zilipewa majina kama Tajirika, Shibe, Karembo, Karibuni, Siri na Nzalauka. Jina la mwisho ni la Kimijikenda, nalo linaiamuru njaa iondoke. Mbegu iliyozaliwa kwa nambari ilipewa jina linaloweza kukumbukwa sokoni na shambani.

Hata hivyo, mchanganyiko si dawa ya kila ugonjwa. Batobato na michirizi ya kahawia huenezwa na inzi weupe, lakini pia huenezwa na pingili zenye maradhi. Anayechanganya mbegu tatu zilizokwisha kuambukizwa amechanganya maradhi. Faida ya mchanganyiko huonekana pale tu pingili zinapokuwa safi. Kwa upande mwingine, hatari ya kutegemea mbegu moja ilionekana wazi nchini Uganda, ambako mbegu ya Ebwanateraka ilikuwa imeenea sana kabla ya batobato kali kuangamiza mihogo katika miaka ya 1990 na kuleta njaa.

Sera ya elimu

Nafasi ya kilimo katika shule za Kenya imebadilika mara nyingi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, ulisisitiza masomo ya vitendo, Kilimo kikiwamo, hata katika shule za msingi. Mtaala uliporekebishwa mwaka 2002, Kilimo kiliacha kuwa somo la pekee katika ngazi hiyo, na baadhi ya mada zake zikaingizwa katika Sayansi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, ulikirejesha kuanzia Gredi ya 4. Baada ya masomo kupunguzwa, linafundishwa kwa jina la Kilimo na Lishe.

Sera ya lugha nayo ina historia yake. Tume ya Ominde (1964) ilipendekeza Kiingereza kitumiwe kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika miaka mitatu ya mwanzo, na msimamo huo ndio uliorithiwa na Mtaala wa Umilisi. Katika miji yenye watu wa makabila mengi, lugha hiyo ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4, lugha ya kufundishia huwa Kiingereza.

Sera hizi mbili zikisomwa pamoja, tatizo hujitokeza. Mtoto wa Mtongwe au Mwakirunge hufundishwa kwa Kiswahili hadi Gredi ya 3, wakati hana somo la Kilimo. Anapolipata somo hilo katika Gredi ya 4, Kiswahili kimebaki kuwa somo tu. Hujifunza kwa Kiingereza kwamba mazao yana aina, na kwamba aina huweza kuchanganywa, lakini majina ya mbegu anayoyasikia kwa nyanya yake hayana nafasi katika sentensi hizo. Hakuna aliyekusudia kuyafuta. Ratiba mbili zilizopangwa kila moja kwa nia njema zimepishana.

Huenda ikasemwa kwamba Kiingereza ni lazima kwa anayetaka kusonga mbele katika sayansi. Hoja hiyo ina ukweli, na haipingwi hapa. Tanzania imefundisha masomo ya shule za msingi za serikali kwa Kiswahili tangu 1967, na imeonyesha kwamba lugha hiyo haishindwi na mada za kilimo. Lakini kwa kuwa shule zake za sekondari zimeendelea kutumia Kiingereza, pengo limesogezwa mbele, halijazibwa. Kinachohitajika Kenya si kukiondoa Kiingereza katika Gredi ya 4, bali kumruhusu mwalimu, na kumpa vifaa, vya kuanzia kwenye majina na maarifa ambayo mtoto amekuja nayo.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vipengele vya sheria ya mbegu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao vilikiuka Katiba. Mkulima sasa ana haki ya kumpa jirani mbegu. Bado mtoto wake hana nafasi ya kuitaja kwa jina lake darasani.

Hitimisho

Kazi hii si ya wataalamu wa kilimo pekee. Kukusanya majina ya mbegu za muhogo, mahindi, kunde na minazi kutoka Likoni, Kisauni na Jomvu, kuandika kila jina pamoja na sifa za mmea, asili yake na wanaolitumia, ni kazi ya leksikografia, na mwanafunzi wa Kiswahili ameandaliwa kwayo kuliko mtu mwingine yeyote. Akishirikiana na mtafiti wa Mtwapa atakayethibitisha ni majina yapi yanarejelea mbegu moja, orodha hiyo inaweza kuwa kitabu kidogo cha shule za eneo hilo.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Punje za mahindi huweza kuhifadhiwa ghalani kutoka msimu hadi msimu. Pingili ya muhogo haihifadhiki hivyo. Isipopandwa katika majuma machache, hukauka. Kwa hivyo mbegu ya muhogo huishi maadamu yupo mtu anayeipanda tena. Shamba la mwisho la Mtongwe lenye mbegu fulani likijengwa nyumba, na jina lake likiwa halijaandikwa popote, hakutakuwa na kitu cha kutafutwa wala neno la kukitafutia.