Jina, Kipande na Riika: Kumtafuta Babu wa Subukia katika Kumbukumbu za Mdomo na za Serikali

Makala haya yanahusu kazi ambayo wengi wetu huianza tukiwa tumechelewa, yaani kumtafuta babu au nyanya ambaye wazee waliomjua wameshafariki. Nimeteua Subukia, bonde lililoko kati ya Nakuru na Nyahururu, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa na pia kwa sababu ya historia yake. Wakazi wake wengi ni vitukuu vya watu waliofika huko wakiwa vibarua na maskwota katika mashamba ya walowezi. Ukoo wao basi una makao mawili: kule walikotoka, Kiambu, Murang'a au Nyeri, na hapa walipofanyia kazi. Suala hili si udadisi mtupu. Mirathi inapofikishwa mahakamani, au jamaa wa kule wanapouliza huyu anayedai kuwa wa mbari yao ni nani hasa, jina la babu huwa ndiyo hoja yenyewe.

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuiuliza matini imetungwa na nani, kwa hadhira ipi na kwa lengo gani. Maswali hayo yanafaa pia kuulizwa hati za serikali, maana nazo zina watunzi.

Tuanze na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kukibeba, nacho kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, waajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, pamoja na mshahara. Familia iliyokihifadhi sandukuni imehifadhi hazina: inaweza kujua babu alikuwa kwa mlowezi yupi na tangu lini. Hata hivyo, lengo la kipande lilikuwa kumdhibiti mfanyakazi na kumnasa aliyetoroka. Kwa hiyo kinajua kazi tu, hakijui ukoo. Hakisemi alioa nani wala alizaa na nani. Aidha, hakikumgusa mwanamke. Mfumo huo ulipobadilishwa mwaka 1947, uandikishaji uliofuata ulibaki kuwa wa wanaume hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Nyanya aliyechuma pareto au kukama ng'ombe wa mlowezi miaka 30 anaweza kuwa hana hata mstari mmoja katika hati hizo.

Kumbukumbu nyingine nazo zina mapengo yake. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya kikamilifu ilifanywa mwaka 1948, na iliyoyaacha ni majedwali ya idadi, si orodha za majina. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulienezwa wilaya kwa wilaya na kukamilika nchi nzima mwaka 1971.

Vitabu vingi vya mwongozo kuhusu utafiti wa nasaba vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye hati tele, na mfano unaopendwa humo ni wa Mmarekani anayemtafuta babu yake Mjerumani. Tangu mwaka 1850 sensa ya Marekani iliandika kila mtu huru kwa jina lake, na madaftari hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Hata huyo hahakikishiwi lolote. Madaftari mengi ya sensa ya 1890 yaliharibiwa na moto wa mwaka 1921. Kabla ya 1871 Ujerumani haikuwa dola moja, hivyo mtu mmoja huandikwa Prussia katika sensa hii na Ujerumani katika ile. Familia husimulia kwamba jina lao lilibadilishwa na maofisa wa kisiwa cha Ellis, ilhali maofisa hao walitumia orodha zilizokwisha kuandaliwa na kampuni za meli. Mara nyingi wenyewe ndio waliolibadilisha, Müller akawa Miller, hasa mwaka 1917 na 1918 Ujerumani ilipokuwa adui.

Hiyo ü ya Müller inatupeleka moja kwa moja kwa karani wa Nakuru. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, hazina herufi katika tahajia ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Zaidi ya hayo, herufi c katika lahaja nyingi hutamkwa karibu na sh. Mwenye jina Gĩcũrũ anaweza kuandikwa Gichuru, Gechoro, Kichuru au Gishuru, kutegemea sikio la karani. Atafutaye tahajia moja tu atatoka mikono mitupu. Ni heri kulitamka jina kwa sauti, kisha kukisia mtu asiyejua lugha hiyo angeliandikaje.

Upande wa simulizi, Wakikuyu wana utaratibu wa majina ambao wenyewe ni kumbukumbu. Mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama. Utaratibu huu una mtego. Njoroge humzaa Kamau, Kamau humzaa Njoroge, naye Njoroge humzaa Kamau mwingine. Jan Vansina, mtaalamu wa mapokeo simulizi, ameonyesha jinsi nasaba za mdomo zinavyodondosha vizazi vya katikati. Majina yanapopokezana namna hii, watu wawili huungana wakawa mmoja bila msimulizi kukusudia.

Kinga ya mtego huo ni riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja. Mariika yalipewa majina kutokana na matukio: Mutung'u ni ndui ya miaka ya 1890, Ndege ni eropleni ya miaka ya 1920. Ikiwa ukoo unasema Njoroge alikwenda Bonde la Ufa akiwa na mke kabla ya vita vya 1914, na mzee mwingine akasema Njoroge alikuwa wa riika la Ndege, basi tuna akina Njoroge wawili. Kwa maoni yangu, swali la riika lina thamani kuliko swali la mwaka wa kuzaliwa. Mwaka ulioandikwa katika kitambulisho cha mzee mara nyingi ulikadiriwa na karani aliyemtazama uso.

Pengo gumu zaidi ni la Hali ya Hatari. Kuanzia mwishoni mwa 1952 maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati. Wako waliorudi baadaye kwa majina mengine, na hapo karatasi hukatika. Wakati huohuo ardhi ya Mkoa wa Kati ilikuwa ikiunganishwa na kusajiliwa. Skwota asiyekuwapo wala kuwa na wa kumsemea angeweza kuachwa nje ya daftari. Anayefuatilia mbari yake katika rejista za ardhi za miaka ya 1950 asichukulie ukosefu wa jina kuwa ushahidi kwamba babu yake hakuwa wa pale.

Kwa upande wa nyanya, utaratibu wa majina hutenda lisilotendwa na hati. Kusanya majina ya binti wa kwanza katika nyumba zote za wana wa babu. Iwapo nyumba tatu kati ya nne zina Wairimũ, basi mama wa wana hao yaelekea aliitwa Wairimũ, hata kama hakuna aliyemtaja kwa miaka 50. Nyumba ya nne ikiwa na Wanjirũ mkubwa, uliza kama babu alikuwa na mke wa pili. Baada ya hapo ndipo mtu aende kwenye daftari za ubatizo za misheni ya kule ukoo ulikotoka, akijua kwamba mapadri wengi waliandika majina ya ubatizo kwa Kilatini, na kwamba Josephus anayemwona humo ndiye Yosefu wa nyumbani. Majalada ya wilaya ya Nakuru yaulizwe katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, lakini baada ya kuwauliza mashangazi.