Mazoezi na Mizani

Katika mpira wa mwaka jana, baina ya wanafunzi na sisi tuliomaliza zamani, nilitoka uwanjani baada ya dakika 12. Sikuumia, pumzi ziliniishia. Vijana walicheka, nao walikuwa na haki. Nilipokuwa mwanafunzi hapa nilikuwa na kilo 64, na siku ile nilikuwa na kilo 89. Jumatatu yake nikaanza kukimbia kila alfajiri, nikitumaini kupungua kama sabuni ndani ya maji. Baada ya majuma matatu nikaenda kupima: kilo 90! Nilikaribia kuvisukuma viatu chini ya kitanda nisivitazame tena. Naandika habari hizi kwa ajili ya wenzangu watakaofika mahali hapo.

Kwanza juu ya ile kilo moja. Mtu aanzapo mazoezi, misuli yake hujiwekea akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji gramu 3 hivi. Tena misuli isiyozoea kazi huumia kidogo kidogo na kuvimba, na uvimbe ule ni maji pia. Mizani haijui maji wala mafuta. Hupima tu kilichosimama juu yake.

Pili, yafaa tufanye hesabu. Mtu akikimbia kilometa moja hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake. Basi mwenye kilo 80 akikimbia kilometa 5 hutumia kalori 400 hivi, na akikimbia mara tatu kwa juma, 1,200. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zaidi ya 7,000. Kumbe atakimbia majuma sita ili apoteze kilo moja, nayo ni kama hakuongeza chakula hata kidogo. Na ni nani asiyeongeza? Mimi nilipomaliza kukimbia nilipitia kibandani nikanunua soda ya nusu lita, yenye kalori 200 na kitu, na chapati mbili zilizokunjwa na mayai, nikijiambia kwamba nimestahili. Jasho la nusu saa nzima nililila kwa dakika tano, nikapita na kiasi.

Tena mwili wenyewe ni mwerevu. Kwa jirani zetu wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadza, ambao wengine wao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nguvu watu hao wanazotumia kwa siku. Ajabu ni kwamba, ukilinganisha watu wa ukubwa mmoja, Wahadza hawakutumia nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Pontzer aona kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wako wataalamu wanaobishana naye juu ya kiasi, lakini sahani ndiyo yenye neno kubwa katika uzito, nalo hawalikani.

Je, mazoezi ni ya bure? Hata kidogo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alitangaza habari za watu wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi, vidato 500 na zaidi kila siku. Ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 Morris akatazama vipimo vya sare zao, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Watu wakasema, basi, sababu ni unene tu. Lakini makondakta wanene nao walionekana kuwa na nafuu kuliko madereva wanene. Moyo ulikuwa ukipata faida ambayo mizani haikuionyesha.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, na kijana wa shule dakika 60 kwa siku. Mwendo wa haraka wafaa kabisa, na wengi wetu twaweza kuupata kwa kuiacha bodaboda na kwenda kazini kwa miguu. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Na badala ya kupanda mizani kila siku, jipime kiuno kwa uzi mara moja kwa mwezi, ukifunga fundo.

Mimi niliacha soda, chapati nikabakiza moja, kukimbia sikuacha. Baada ya miezi minane nina kilo 84, na uzi wangu una mafundo manane. Mpira ujao nimekwisha kuandikisha jina. Naomba tu niwekwe beki.